Barua kwa mwanangu: kuhusu ile jozi ya nne

Mwanangu,

Salamu zimefika, na swali lako pia. Wauliza: mkibaki watatu kwenye poka, umeshika jozi ndogo, karata mbili za namba moja, na mwenzako kapandisha dau, ufuate au utupe? Baba yako alitaka nikujibu kwa aya. Aya unazijua tangu chuoni, sizirudii.

Meza ikiwa na watu tisa, hakosi mmoja mwenye karata nzuri. Wakiwa watatu, mambo hubadilika. Kila mmoja hupata jozi mkononi mara 1 tu katika migao 17, na asiyepata jozi, karata tatu za kwanza za wote zikifunuliwa mezani, mara 2 katika 3 hazimpi kitu. Kwa hiyo jozi ya nne, yaani nne mbili, takataka mbele ya wanane, mbele ya wawili ina uzito. Na dau la lazima, linalowekwa kwa zamu, hukurudia upesi. Ukitupa kila kitu utakwisha polepole. Lakini pesa haziliwi na karata mbovu, mwanangu. Huliwa na hamu ya kuchungulia.

Wajua ya ami yako na mashua iliyouzwa kwa ajili ya karata. Usilolijua ni kwamba usiku ule alipocheza jozi ile, mgawa karata wa kasino nilikuwa mimi, hapa hapa Malindi, baba yako hajaja kuposa. Sare zetu hazikuwa na mifuko, na ukiondoka mezani wapiga makofi, wageuza viganja kamera ione. Mdomo nao tuliuacha nyumbani.

Walibaki watatu. Mzee wa Kitaliano alikuwa akipandisha kila mzunguko, hata karata hajaziangalia vizuri. Mezani nilifunua tisa, saba na mbili, kisha mfalme, mwisho tatu. Yule wa tatu katupa mapema. Katikati pana elfu nane, mzee kasukuma elfu nne. Ami yako akaanza kuzichezesha chipu zake kwa kidole gumba, tik, tik, hata nikatamani kumshika mkono. Akafuata. Mzee akafunua karata mbili, ya kumi na ya nane: alikuwa akingojea mfuatano wa karata tano, haukuja. Danganya toto. Ami yako alikuwa na nne mbili tu!

Nilimsogezea chipu uso mkavu, moyoni napiga vigelegele. Hadi leo nikikumbuka nacheka peke yangu.

Shangazi zako husema jozi ile ndiyo iliyouza mashua, maana tangu hapo akawa hafuati hesabu, anafuata kila kitu. Sikubali. Alilipa elfu nne kugombea elfu kumi na mbili. Akipata mara 1 katika 4 hana hasara, na kwa mpandishaji yule angepata zaidi. Ule ulikuwa mchezo safi. Ingawa... angepoteza usiku ule, pengine mashua ingekuwepo. Hapana, ni hamu ya kuchungulia, nimeshasema. Alikuwa akifuata hata watu ambao hawapandishi ila wakiwa na karata nzuri, kwa kutaka kuona tu.

Wewe je? Ulimi unaniwasha nikwambie ufuate, lakini umenieleza karata zako tu. Huyo mwenzako hupandisha mara ngapi, na umeshamwona akifunua takataka? Nijibu hilo kwanza, tena kwa simu yangu, si ya baba yako.

Mama yako