Kozi ipi ya Wayahudi: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama wewe, msichana Mkristo kutoka Eldoret unayesomea uhasibu huko Marekani, una haja gani na kozi ya Wayahudi, na kama utaichukua, uchague ipi kati ya tatu: Torati na Talmudi (mkusanyiko wa mijadala ya marabi kuhusu sheria), Wayahudi katika nchi za Kiislamu, au mauaji ya Wayahudi enzi za Hitler. Chukua, mama. Anza na hiyo ya pili.

Sisi kanisani tunatembea na Wayahudi hadi Matendo ya Mitume, halafu tunakutana nao tena kwenye kambi za Hitler. Katikati hapo ni kama hawakuwapo duniani. Nimefundisha dini miaka mingi, na pengo hilo limekuwa likinisumbua. Salo Baron, aliyeanza kufundisha historia yao katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1930, alikataa isimuliwe kama kilio mwanzo hadi mwisho. Wanazi walimuulia wazazi na dada yake, lakini hakuuacha msimamo huo.

Katika kozi ya pili bila shaka mtafika kwenye sinagogi la Ben Ezra, Cairo ya kale. Karatasi yenye jina la Mungu haikutupwa ovyo, kwa hiyo waumini waliziweka chumbani, na pamoja nazo zikaingia hati za ndoa, madai ya madeni na barua za biashara, karne baada ya karne. Msomi Solomon Schechter alizipeleka nyingi Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwaka 1897. Sehemu kubwa ya barua hizo ni Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania, kama wazee wa Lamu walivyoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu.

Tafuta humo barua ya David, mdogo wake Maimonides, yule mwanachuoni na tabibu mkubwa wa Kiyahudi. David anaandika kutoka bandari ya Aydhab, Bahari ya Shamu. Amevuka jangwa salama, hakuna bidhaa ya maana sokoni isipokuwa rangi ya nili, basi ameamua kuvuka hadi India; kaka asihangaike, amtulize mke wa David. David alizama katika Bahari ya Hindi, na mali ya watu ikazama naye. Maimonides aliugua kitandani karibu mwaka mzima, akabaki na mjane na binti mdogo wa kutunza. Wewe wa hesabu utaisoma barua hiyo kwa jicho ambalo wenzako wengi hawana.

Wakikuuliza Mkenya anatafuta nini darasani humo, waambie kuhusu nyumbani kwetu. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilikuwa tayari kuwapa Wayahudi ardhi hapahapa Uasin Gishu, bila kuwauliza wenyeji. Wajumbe walitumwa kuikagua, na mkutano wa Wazayuni, Wayahudi waliotafuta nchi yao wenyewe, huko Basel, Uswisi, ukaikataa mwaka 1905. Wanaiita mpango wa Uganda, ilhali ni mashamba tunayoyapita tukienda sokoni.

Kozi ya Hitler usiiache, ila ingoje mwaka ujao. Nataka uwe umeshawajua kwa biashara zao, ndoa zao na ubishi wao kabla hujasoma walivyouawa. Talmudi utaamua mwenyewe, muda ukiruhusu.

Kabla ya kujiandikisha, muulize mwalimu kama barua zenyewe mtazisoma kwa tafsiri au kozi inadai Kiebrania. Ukishapata silabasi nitumie, nami nisome sambamba nawe.

Mama yako