Kura yangu: simba wa Tsavo, na Trebek
Ndugu, umeuliza sinema gani ya kusisimua inashinda zote, na kati ya Alex Trebek na Regis Philbin nani alikuwa bingwa wa kuendesha chemsha bongo kwenye runinga ya Marekani.

Wengi watakutajia Harrison Ford na ile Raiders of the Lost Ark ya 1981, na sibishi. Pale anapomlipua kwa bastola yule jamaa wa upanga, nacheka hadi leo. Kumbe siku hiyo kule Tunisia Ford alikuwa na tumbo la kuhara, hana hata nguvu za kupigana.

Ila mimi naipa The Ghost and the Darkness ya 1996, ile ya simba wala watu wa Tsavo. Kwetu Kisumu hiyo ni habari ya nyumbani: reli ambayo wajenzi wake waliliwa na simba Tsavo mwaka 1898 ndiyo iliyofika hapa ziwani 1901. Niliitazama kwenye kibanda cha video Kondele, kanda imechoka, picha inarukaruka. Simba akinguruma, waliokaa mbele walirudi nyuma na benchi lao! Kasoro zipo. Simba wa kweli hawakuwa na manyoya ya shingoni, wa sinema wanayo, halafu mwindaji anayeigizwa na Michael Douglas ni wa kubuni tu.

Kwenye chemsha bongo ni Trebek, hakuna mjadala. Aliendesha kipindi cha Jeopardy! tangu 1984 hadi alipofariki 2020, na hakuwafunika washindani. Philbin, yule wa Who Wants to Be a Millionaire, alikuwa mchangamfu, lakini mimi hupenda mtu aliyetulia.