Sabufa ya inchi 12 kwenye IST: ziba tundu kwanza, bomba utalikata baadaye

Mkuu, nimekusoma. Una gari, Toyota IST, sabufa (spika ya besi) ya inchi 12, boksi la kununua likiwa tayari dukani lenye tundu moja la bomba, yaani mrija wa kupitishia hewa, na shida yako ni kwamba besi "inaguna nota moja tu kama ng'ombe", halafu ukiweka amapiano koni, ule uso wa spika unaotikisika, inaruka mpaka inagonga. Unauliza uanze kubadili sabufa au amplifaya. Usibadili hata kimoja. Mimi nilibadili vyote viwili kabla sijajua kwamba mwizi ni boksi, na hela ile hadi leo inaniuma.

Yangu ilinifia kwenye foleni ya kivuko pale Kigongo, enzi za kusubiri kuvuka kwenda Busisi, kabla ya daraja. Mlango wa nyuma nimeufungua, vijana wamezunguka gari, na mimi kwa ujinga nikaongeza sauti. Koni ikaanza kwenda mbele na nyuma kama inapumua kwa shida, besi yenyewe husikii, unasikia "tak tak" tu. Dakika chache baadaye ikaja harufu ya koili, waya wa ndani ya spika, inayoungua. Ukishainusa mara moja huisahau. Nikavuka nikiwa na gari bubu.

Nyumbani Nyakato ndipo nilipochukua futi kamba, kitu nilichopaswa kufanya siku ya kununua. Ndani boksi lilikuwa na lita 35 hivi, bomba la kipenyo cha sentimita 10, urefu sentimita 10. Hesabu yake ni hii, iandike mahali: chukua kipenyo cha bomba kwa sentimita, kizidishe chenyewe kwa chenyewe, zidisha kwa 23,563. Kando yake chukua Hz (mitikisiko ya sauti kwa sekunde) unayotaka boksi lilie, izidishe yenyewe kwa yenyewe, zidisha kwa lita za boksi. Gawanya la kwanza kwa la pili, kisha toa kipenyo mara 0.73. Jibu ni urefu wa bomba. Ukiigeuza kwa boksi langu inakuja Hz 62. Yaani nota ya boksi ilikuwa Hz 62, wakati besi ya amapiano inashuka hadi kwenye 40 na ushee. Hapo ndipo nilipoelewa ng'ombe wangu alikuwa anaguna nini.

Ukitaka picha yake, puliza mdomo wa chupa ya soda. Hewa ya tumboni ni springi, hewa ya shingoni ni uzito uliokaa juu ya springi. Boksi lenye bomba ni chupa hiyo hiyo. Kwenye nota yake bomba ndilo linalofanya kazi na koni inapumzika karibu itulie kabisa. Juu kidogo ya hapo mambo ni mazuri. Chini ya hapo springi haipo tena: hewa inaingia na kutoka kwenye bomba bila kuipinga koni, na koni inatupwa huku na huko kama mlango usio na komeo. Boksi lililozibwa halina hadithi hiyo. Hewa inaisukuma koni irudi wakati wote, besi inashuka polepole badala ya kukatika, na gari dogo kama IST lenyewe linainua sauti za chini kabisa kwa sababu kibanda chake ni kidogo. Ndiyo maana besi inayosikika nyembamba sebuleni inaweza kukutosha ndani ya gari.

Sasa karatasi ya sabufa uliyoipiga picha inasema Fs (nota ya asili ya koni) 27 na Qes (jinsi sumaku inavyoizuia koni kutikisika) 0.48. Gawanya Fs kwa Qes, unapata 56. Kanuni ya mafundi: jibu likiwa 50 au chini ya hapo, spika inataka boksi lililozibwa, likikaribia 100 na kupanda, inataka bomba. Yako iko katikati, inaegemea kuzibwa. Kwa hiyo jaribio la kwanza halitakugharimu hata buku kumi: kata duara la MDF (ubao wa unga wa mbao), liweke kwenye tundu la bomba, pachika skrubu na silikoni, usikilize wiki nzima. Kwa inchi 12 nyingi lita 35 zilizozibwa ni saizi inayokubalika. Kama unapenda singeli utashangaa, maana zile ngoma zinazokimbia zaidi ya mapigo 200 kwa dakika zinataka koni inayosimama upesi, na boksi lililozibwa linasimama upesi. Ukiona linabana, jaza nusu yake nyuzi za mto, zile za plastiki, nalo litajiona kubwa kidogo. Na tafadhali, najua tuko Usukumani, lakini pamba halisi usiweke. Inashika unyevu na kushuka chini kama tope.

Ukiisikiliza wiki nzima na bado roho inataka besi ile ndefu ya chini, basi jenga lenye bomba, ila lijenge kwa vipimo. Langu la sasa kwa nje ni sentimita 65 kwa 40 kwa 35, MDF ya milimita 18. Ndani unabaki na lita 70, ila usizishangilie. Bomba mbili za PVC za inchi 4 zinakula lita 14, sabufa 3, mbao za kukaza katikati 3. Umebaki na 50, na hizo 50 ndizo zinazoingia kwenye hesabu. Wengi wanakosea hapa, wanapiga hesabu ya boksi tupu halafu wanashangaa nota ya boksi imepanda.

Kwa nini bomba mbili? Bomba moja kwa sabufa ya nguvu hiyo litapiga mluzi, hewa inapita kwa kasi mno hadi unaisikia "fuu fuu" juu ya wimbo. Ukiweka mbili zidisha 23,563 kwa 2 kwenye hesabu, na urefu unaongezeka: kwa Hz 34 nilipata sentimita 74 kila moja. Hazienei zikiwa zimenyooka, kwa hiyo zina kona moja, urefu unapimwa katikati ya bomba, na mdomo wa ndani uuache mbali na ubao angalau kwa kipenyo chake.

Kipande cha baada ya kona usikigundishe kwanza. Mimi nilianza na sentimita 78 kwa makusudi, maana bomba refu linafupishwa, fupi halirefushwi. Nikaweka nukta ya wino mweupe wa kufutia kwenye koni, nikapakua programu ya kutoa mlio wa Hz moja moja kwenye simu, sauti ndogo, nikaanza 50 kushuka. Nukta inakuwa mstari mweupe kwa jinsi koni inavyotembea. Kadiri unavyoshuka mstari unafupika, unafupika, kisha ghafla ni nukta tena, na ukiweka mkono mdomoni mwa bomba unahisi upepo umekaza. Hiyo ndiyo nota ya boksi. Ukishuka zaidi mstari unarudi kwa hasira. Mara ya kwanza ilitulia kwenye 33. Nikawa nachomoa kipande kupitia tundu la sabufa, nakata sentimita chache, narudisha. Nikaacha kwenye 35, bomba likiwa karibu sentimita 70. Amplifaya yako ikiwa na kichujio cha kukata sauti za chini sana, kiweke Hz 30 hivi. Kama haina, usiongeze sauti kupita kiasi.

Kuziba nyufa zinazovuja kuna jina la mabaharia: kukalafati. Mzee mmoja anayeunda mitumbwi pale Mwaloni, Kirumba, aliliangalia boksi langu akacheka: "Hili hujalikalafati, litazama." Akanionyesha: washa udi, pitisha moshi kwenye maungio huku sabufa inapiga nota ya chini. Moshi ukivutwa au ukitikiswa, hapo panavuja. Nilikuwa na sehemu tatu. Pia ni yeye aliyenilazimisha kupaka vanishi ndani na nje, na alikuwa sahihi, kwa sababu boksi langu la pili liliuawa na sato. Mama watoto aliweka ndoo ya samaki wenye barafu kwenye buti, maji yakapenya chini ya zulia, na kufikia Jumapili kona ya MDF imeumuka kama andazi.

Mambo madogo: wati za "max" zilizochorwa kwenye boksi la kadibodi zipuuze, tafuta RMS, yaani wati ambazo spika inazihimili muda wote. Sauti za juu zikate kwenye Hz 80. Ukishafunga, jaribu kugeuza waya wa chanya na hasi wa sabufa, ubaki na upande ambao besi inajaa zaidi ukiwa umekaa kiti cha dereva. Na kibao cha namba cha nyuma kitalia kama debe, weka vipande vya sponji nyuma yake.

Ukishaziba hilo tundu, niandikie vipimo vya ndani vya boksi na aina ya muziki unaopiga zaidi, nitakupigia hesabu ya bomba. Plaiwudi ya milimita 9 uliyosema umepewa na shemeji, tengenezea banda la kuku.