Bibi alinyamaza mbele ya daktari

Swali la wiki hii linauliza, nchi ikishachagua lugha rasmi, zile lugha ndogo zibaki na haki gani? Mhariri, mi ni Mwiraqw wa Mbulu, Kiswahili nimekikuta shule na leo ndio lugha ninayofanyia kazi mpaka naota nayo, kwa hiyo asije mtu akasema nakipiga vita. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipobadilisha sheria Kiswahili kikawa lugha ya sheria na mahakama nilifurahi sana, maana kabla ya hapo kesi ikishapanda juu ya mahakama ya mwanzo maandishi yanakuwa Kiingereza, mtu anapoteza shamba kwa karatasi asiyoweza kuisoma.

Ila sababu ileile iliyofanya tuitake ile sheria ndio inayonifanya niulize habari za bibi yangu.

Nilikuwa na miaka 14 nikampeleka hospitali. Daktari kijana tu, mstaarabu, katokea mkoa mwingine, Kiiraqw hajui hata salamu, na bibi Kiswahili chake kinaishia kwenye asante na shilingi ngapi. Mkalimani nikawa mimi. Daktari akauliza mama anasumbuliwa na nini, nikamgeuzia bibi, akaniangalia, akaangalia mikono yake, akavuta shuka lake begani akasema, kichwa. Tukapewa panadol tukarudi nyumbani. Siku ya tatu shangazi ndio akanivuta pembeni akaniambia bibi anatokwa damu, mwanamke wa umri ule, na hayo asingeweza kuyatamka kupitia mdomo wa mjukuu wa kiume. Daktari simlaumu hata kidogo, aliuliza alichotakiwa kuuliza. Kilichokosekana pale ni mtu mmoja mzima wa kusikiliza, na hakuna aliyekuwa na wajibu wa kumleta.

Watu wengi wanadhani lugha zote za makabila ni ndugu na Kiswahili, mtoto akisikiliza wiki mbili anashika. Kwa Msukuma sawa, nyumbani anahesabu idatu, ine, itano, akifika darasani akasikia tatu, nne, tano anaona ni walewale wamebadilisha nguo. Sisi kwetu moja, mbili, tatu ni wak, tsar, tam. Mtoto wa Kiiraqw anashika vizibo vyake vya soda, tatu anaijua vizuri kabisa, anaiona pale mkononi, ila ile sauti anayotoa mwalimu haifanani na kitu chochote alichowahi kusikia, na anaandikiwa hajui hesabu. Na sio sisi tu, ukanda wetu huu wa kutoka Mbulu kushuka Kondoa kuna Wadatoga, Waburunge, Wasandawe, na Wahadzabe kule Eyasi, wote lugha zao ziko mbali na Kibantu. Sheria ya lugha moja inatugusa wote ila haituumizi sawasawa.

Najua jibu litakalokuja, umoja. Watasema tukiruhusu lugha za makabila tutaleta ukabila, angalia Kenya redio za lugha za asili zilivyolaumiwa kwa fujo za baada ya uchaguzi wa 2007. Hofu hiyo naiheshimu, watu walikufa. Lakini Rwanda 1994 aliyeua na aliyeuawa wote walikuwa wanaongea Kinyarwanda, na Somalia karibu nchi nzima inaongea Kisomali na bado vita imewamaliza. Anayechochea chuki mshtaki kwa uchochezi wake, mbona anayetukana kwa Kiswahili hatujafunga Kiswahili?

Tena hapa kwetu tunajichanganya wenyewe, Sera ya Utamaduni ya 1997 inataka wananchi waendelee kutumia na kujivunia lugha zao za asili, halafu ukienda kwenye kanuni za utangazaji unakuta redio inatakiwa iongee Kiswahili au Kiingereza. Sasa bibi yangu ajivunie wapi, jikoni?

Mi naona sheria ya lugha imbane mwenye ofisi, isimbane mwananchi. Serikali iandike kwa Kiswahili, ihukumu kwa Kiswahili, sawa kabisa, ila yule asiyekijua awe na haki ya mkalimani mtu mzima, mwanamke kwa mwanamke kama ni mambo ya uzazi, hospitali na polisi na baraza la ardhi, na gharama isiwe yake. Hata sio lazima waajiriwe watu wapya, mara ngapi nesi anayejua lugha ya pale yuko wodi ya pili na hakuna aliyefikiria kumwita! Na yale madarasa mawili ya mwanzo mwalimu aruhusiwe kumwambia mtoto tatu ndio tam bila kuogopa mkaguzi.

Bibi bado yupo, kwa hilo namshukuru Mungu. Mwezi ujao anarudi kliniki, na safari hii shangazi anatoka Babati kuja kumsindikiza, nauli tumeshachanga.