Maswali na majibu: Seva imegoma kuandika baada ya kusasisha kerneli, nianzie wapi?

SWALI: Kaka, shikamoo. Ninaangalia kompyuta za ofisi moja ya utalii hapa Moshi, maeneo ya Soweto. Seva yetu inatumia Debian 12, na ndiyo inayobeba hifadhidata ya wageni wanaopanda mlima pamoja na nakala za pasipoti zao. Jumamosi usiku nilisasisha mfumo, kerneli mpya (kiini cha mfumo wa uendeshaji) ikaingia, nikazima na kuwasha. Jumatatu asubuhi watu wa ofisini wakaanza kulalamika kwamba hakuna kinachohifadhika. Kila wakijaribu wanaambiwa "Read-only file system". Kwenye skrini ya seva naona mistari mingi inayoanza na "EXT4-fs error". Miezi ya karibuni seva imezimika ghafla mara kadhaa umeme ulipokatika, maana betri ya UPS imechoka. Rafiki yangu ananiambia nipige fsck -y (amri ya kutengeneza mfumo wa faili bila kuuliza) haraka, kisha nirudi kwenye kerneli ya zamani. Je, kerneli ndiyo imeharibu? Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Pole sana, hasa kwa kuwa msimu wa mlima umeshaanza na wageni hawawezi kusubiri. Fsck -y iache kwanza, na seva usiizime.

Hiyo hali ya kusoma tu ni kinga. Fungua /etc/fstab, orodha ya patisheni (sehemu za diski), uangalie mstari wa patisheni kuu; Debian ikisakinishwa kwa njia ya kawaida huweka hapo errors=remount-ro. Maana yake ni kwamba ext4, yaani mfumo wa faili wa seva yako, ikikuta kitu kisichoeleweka, inaacha kuandika ili madhara yasiendelee. Kusoma bado unaweza, kwa hiyo itumie nafasi hiyo sasa hivi. Simamisha hifadhidata, chomeka diski ya nje, ipachike (mount) kwenye /mnt, na unakili vitu ambavyo ofisi haiwezi kuishi bila hivyo: hifadhidata, pasipoti, ankara. Hata kama una bakapu ya wiki iliyopita, nakili tena.

Kabla hujaendelea, andika hii: dmesg -T > /mnt/dmesg.txt. Inahifadhi ujumbe wa kerneli, na ni muhimu kuliko inavyoonekana. Tangu patisheni ilipogoma kuandikwa, kumbukumbu za mfumo haziendi tena kwenye diski, zimekaa kwenye RAM tu. Ukizima, ushahidi wote wa Jumatatu asubuhi unapotea, na mimi na wewe tutabaki kukisia.

Sasa lisome hilo faili kwa utaratibu, ukianzia juu. Tafuta mstari wa kwanza wenye neno error na uone ni nani aliyeanza kulalamika. Kama juu ya mistari ya EXT4-fs kuna mistari ya ata1.00 yenye "failed command", au "I/O error, dev sda" ikifuatiwa na namba ya sekta, basi diski au kebo ndiyo iliyoanza, na ext4 imepokea tu taarifa mbaya. Piga smartctl -a /dev/sda, amri inayosoma afya ya diski, uangalie safu ya mwisho, RAW_VALUE. Thamani za mistari namba 5 na 197 zikiwa juu ya sifuri, hasa 197 ikiwa inaongezeka, diski ina sekta mbovu, hivyo mpango wako ni kununua diski mpya kabla ya kutengeneza kitu chochote. Namba 199 ikiwa kubwa na hizo nyingine ziko sifuri, badilisha kebo ya SATA kwanza. Nimeona watu wakitupa diski nzima kwa sababu ya kebo iliyolegea. Ikiwa smartctl haimo kwenye seva, huwezi kuisakinisha sasa kwa kuwa patisheni haiandikiki. Hiyo itasubiri flashi, nitaifikia.

Kama mistari ya diski haipo na ext4 inalalamika peke yake, swali lako kuhusu kerneli ndipo linapopata uzito. Jibu limeandikwa ndani ya mfumo wa faili wenyewe. Piga:

tune2fs -l /dev/sda2 | grep -i error

Weka jina la patisheni yako badala ya sda2. Utaona idadi ya makosa yaliyokwisha rekodiwa, na chini yake "First error time", yaani tarehe na saa ya kosa la kwanza tangu fsck iliposafisha mara ya mwisho. Fungua na /var/log/apt/history.log uone kerneli mpya iliingia saa ngapi, kisha linganisha. Kama kosa la kwanza ni la wiki tatu nyuma, kerneli haihusiki. Kwa historia ya umeme uliyonieleza, mimi ninaelemea huko: mfumo ulikuwa umeshajeruhiwa, na kuzima na kuwasha kwa Jumamosi kumefanya sehemu ile isomwe tena. Lakini usiniamini mimi, iamini tarehe.

Na hii ndiyo sababu kubwa ya kukuzuia kupiga fsck haraka. Ikimaliza kutengeneza, inafuta rekodi hiyo ya kosa la kwanza. Ukianza nayo, hutajua kamwe nani alikosa, na mwezi ujao utarudi palepale.

Je, kerneli inaweza kweli kuharibu data? Inaweza, ingawa ni mara chache. Desemba 2023 kerneli 6.1.64 iliingia Debian ikiwa na kasoro ya ext4 iliyoweza kuharibu data. Debian walisitisha kutoa diski za 12.3, na tarehe 10 Desemba wakatoa 12.4 ikiwa na 6.1.66 iliyorekebishwa. Hiyo ni Debian 12, mfumo wako kabisa, kwa hiyo hakikisha. Usitumie uname -r kwa kazi hii; Debian inaonyesha pale jina kama 6.1.0 na nambari fulani, ambalo si toleo halisi. Tumia uname -v, mwishoni utaona toleo lenyewe. Ukikuta 6.1.64-1, umeshampata mtuhumiwa. Mwaka 2018 nako watu wa kerneli 4.19 waliona ext4 ikiharibika na wakailaumu, kumbe kasoro ilikuwa kwenye tabaka la chini yake linalopanga maombi ya diski, ikarekebishwa kwenye 4.19.8. Ndiyo maana nasisitiza kusoma kuanzia juu.

Ukishanakili na kuandika hizo tarehe, zima sasa na uwashe kwa flashi yenye Debian hai (live) ya toleo la 12 au jipya zaidi. Kama smartctl haikuwemo kwenye seva, isakinishe na uipige ukiwa ndani ya flashi hiyo. Flashi ya zamani iliyokaa kwenye droo inaweza kukataa kabisa kuugusa mfumo wa faili uliotengenezwa na zana mpya kuliko zake. Patisheni isipachikwe. Anza na e2fsck -fn (e2fsck ndiyo fsck ya ext4), ambayo inakagua bila kubadilisha kitu, na uyasome majibu. Ikilalamikia hesabu za nafasi tupu na inodi yatima chache (rekodi za faili zisizo na mwenyewe), hayo ni mabaki ya kawaida ya umeme kukatika. Piga e2fsck -f, uijibu kwa utulivu. Ikitaja "multiply-claimed blocks", yaani sehemu za diski zinazodaiwa na faili zaidi ya moja, au orodha ikawa ndefu isiyoisha, simama hapo. Chukua nakala ya diski nzima kwa ddrescue na ufanyie matengenezo kwenye nakala. Kupiga fsck -y kwenye uharibifu mkubwa ni kumpa kibarua mgeni funguo za ghala na kumwambia atupe chochote asichokielewa. Vilivyookolewa bila majina utavikuta kwenye lost+found. Amri ya file itakuambia kipi ni picha na kipi ni PDF.

Kuhusu kurudi kerneli ya zamani: fanya hivyo tu kama kosa la kwanza limekuja baada ya Jumamosi, diski ni safi, na RAM imepita jaribio la memtest86+. Kwenye GRUB, menyu ya kuwashia, ingia "Advanced options" uchague ile ya awali. Ila ujue kwamba kerneli ya zamani haiponyi kilichokwisha haribika. Fsck inatangulia, kerneli inafuata. Kubadilishabadilisha kerneli juu ya mfumo mgonjwa kunaongeza maandishi juu ya kidonda.

Betri ya UPS ibadilishwe wiki hii, kabla hujarudisha watu kazini. Mwambie bosi wako kwamba betri moja ni nafuu kuliko kupoteza orodha ya wageni katikati ya Julai.

Nitumie ile dmesg.txt, matokeo ya tune2fs na ya smartctl, nitayasoma. Na ukisikia diski inagonga au inakwaruza wakati unanakili, ikate umeme papo hapo, usijaribu tena mwenyewe. Diski ya namna hiyo mpelekee mtu mwenye vifaa vya kuokoa data.