Maswali ya Wafugaji: Baba wa Rangi ya Chungwa, Wana Weusi

SWALI: Daktari, shikamoo. Paka wangu jike ni mweusi tititi. Mwezi uliopita alizaa watoto watano baada ya kupandwa na paka dume wa jirani, mwenye rangi ya chungwa. Majike watatu wana mabaka meusi na ya chungwa. Kati ya madume wawili, mmoja ni mweusi na mwingine ni wa kijivu. Jirani anadai kwamba dume wake si baba yao, kwa kuwa hakuna aliyetoka na rangi yake kamili. Je, ni kweli? Nami natamani kupata jike wa rangi ya chungwa tupu; nifanyeje? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Jirani yako amekosea, na wanaomsuta ni hao majike watatu. Jeni ya rangi ya chungwa imo katika kromosomu X. Jike ana X mbili, moja kutoka kwa kila mzazi, ilhali dume ana X moja tu, ya mama yake, pamoja na Y ya baba. Kwa hiyo baba wa rangi ya chungwa huwarithisha jeni hiyo binti zake wote, wala hawezi kumrithisha mwanawe wa kiume hata mmoja. Kuhusu madume wawili, paka akiwa kwenye joto anaweza kupandwa na madume kadhaa, na uzao mmoja ukawa na baba zaidi ya mmoja; hata hivyo, weusi wao haumwondoi dume wa jirani.

Mabaka nayo yana asili yake. Mwaka 1961 mwanasayansi wa Uingereza, Mary Lyon, alieleza kwamba katika kila seli ya kiinitete cha kike X moja huzimwa, na seli zote zitokanazo na hiyo hufuata uamuzi uleule. Palipozimwa X ya mama manyoya hutoka ya chungwa, palipozimwa ya baba hutoka meusi. Ndiyo maana paka aliyenakiliwa Texas mwaka 2001 kutokana na seli ya paka wa mabaka alizaliwa bila rangi ya chungwa kabisa, ingawa jeni zake zilikuwa zilezile. Badiliko la DNA linaloleta rangi ya chungwa lilielezwa mwaka 2025 na watafiti wa Japani na wa Marekani: ni kipande cha DNA cha takriban herufi 5,000 kilichopotea.

Mtazame mama vizuri kwenye jua la asubuhi, ukipekua manyoya ya chini ya kidevu na katikati ya vidole, kwa maana wako majike wanaodhaniwa weusi kumbe wana kibaka kidogo cha chungwa kilichojificha. Ukikiona, tegemea kwamba baadhi ya wanawe wa kiume katika uzao mwingine watatoka na rangi ya chungwa.

Kijivu ni weusi uliofifia. Chembe za rangi hujikusanya mafungumafungu ndani ya unywele badala ya kutandazwa sawasawa, na hali hiyo huonekana pale tu mtoto anapoipata jeni yake kwa wazazi wote wawili. Mama yake, basi, anaibeba bila kuionyesha.

Ili upate jike unayemtamani, umpandishe mmoja wa majike wa mabaka kwa dume wa rangi ya chungwa asiye ndugu yake. Nasisitiza asiwe baba yake, kwa sababu kuzalisha ndugu kwa ndugu hukutanisha jeni mbovu ambazo zingebaki zimefichika. Vilevile subiri atimize mwaka, hata kama ataingia kwenye joto akiwa na miezi mitano; mwili wake bado unakua, na sipendi kuona paka mtoto akinyonyesha. Kila jike atakayezaliwa atakuwa na nafasi moja kati ya mbili ya kuwa wa rangi ya chungwa tupu. Mtu akikuuzia dume wa mabaka kwa ajili ya mbegu, usinunue, kwani madume hao ni adimu, wengi wana X mbili na Y, na karibu wote ni tasa.

Jike huyo atakapozaliwa utamwona ana michirizi kwenye paji la uso na mkiani. Usimtilie shaka: jeni inayofuta michirizi kwa paka weusi haina nguvu juu ya rangi ya chungwa.