Uliza Fundi: ufa wa darasani, kufuli la bweni na radi ya kutumwa

Mwezi huu meseji zimekuja nyingi kuliko kawaida, nadhani ni mvua, si unajua kiangazi kinaficha mengi. Nimechagua tano zote za mashuleni. Yule aliyeuliza rangi gani inafaa ofisi ya mkuu wa shule samahani sana, hiyo muulize mkeo.

*Habari fundi. Mwanangu yuko la tatu, darasa lao lina ufa unaanzia kona ya dirisha unapanda mpaka kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Mwalimu anasema ni plasta tu, washapaka rangi mara mbili na umerudi. Nikae kimya au niseme? Mama Junior, Shinyanga*

Sema mama, tena sema wiki hii. Ufa wa plasta ni mwembamba kama uzi, umetapakaa ukutani kama utando wa buibui, haujui hata unaelekea wapi, huo paka rangi ulale. Ila ufa unaotoka kona ya dirisha na kupanda mshazari, au ule unaofuata tofali kwa mtindo wa ngazi, huo shida yake iko chini kwenye msingi. Na nyie huko mna udongo wa mbuga, ule mweusi, ukilowa unavimba ukikauka unasinyaa mpaka ardhi inapasuka mtu anazamisha mkono. Sasa jengo limekaa juu yake, upande maji ya bati yanapodondokea unavimba, upande wa pili mkavu umesinyaa, ukuta utafanyaje zaidi ya kuchanika? Wakipaka rangi mara kumi utarudi mara kumi.

Mwambie mwalimu afanye hivi, ni bure kabisa. Achukue penseli aweke alama pale ufa unapoishia juu na chini, aandike na tarehe. Alafu katikati apachike kibonge kidogo cha jipsam kishike pande zote mbili za ufa. Baada ya mwezi wakaangalie, kibonge kikiwa kizima ufa umetulia, kikiwa kimekatika au ufa umepita ile alama basi bado unatembea na hapo ni kazi ya mhandisi wa halmashauri sio ya fundi rangi. Ila kama penseli yenyewe inazama ndani ya ufa, au ukuta umeanza kuinama, au mlango uliokuwa unafunga vizuri ghafla umeanza kugoma, hamna cha kusubiri mwezi hapo, watoto watoke leo wakasomee chini ya mti. Nairobi Septemba 2019 madarasa ya shule ya Precious Talent yalidondoka asubuhi watoto wakiwa ndani, wakafariki 8.

Na usiende peke yako maana mzazi mmoja anaitwa mkorofi. Pitia kwa mwenyekiti wa kamati ya shule, piga picha, andikeni barua kwenda kwa mtendaji wa kata na nakala ibaki kwenu ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Muhuri mama, usisahau muhuri.

*Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu mkuu shule ya msingi, watoto 640, majengo ya tangu enzi za Mwalimu. Ruzuku ikiingia inaishia kwenye chaki na mitihani, ya ukarabati inabaki kiduchu. Nianzie wapi? Mwalimu, Dodoma vijijini*

Marahaba mwalimu, pole na kazi. Najua ile elfu kumi kwa mtoto kwa mwaka, tena sehemu yake inabaki juu kwa ajili ya vitabu, kwaiyo sitakudanganya eti utakarabati shule nzima. Ila nikuambie nilichokiona miaka yote niliyopanda kwenye mapaa ya shule: majengo mengi hayafi kwa uzee, yanakufa kwa maji, na maji yanaanza na kitu kidogo mpaka aibu.

Kuna shule moja niliitwa (siitaji) paa lote la madarasa mawili limeng'oka na upepo, bahati nzuri ilikuwa Jumapili. Wazee wakaniambia upepo ulikuwa wa ajabu. Nikaenda kuokota mbao chini nikaziangalia. Misumari ya bati ilikuwa imelegea siku nyingi, maji yakawa yanaingia pale pale kwenye tundu yanalowesha papi, ile mbao inayogongewa bati, papi ikaoza, mchwa nao wakapanda kutoka ukutani wakamalizia kenchi, yale mafremu ya mbao yanayobeba paa, na kenchi zenyewe zilikuwa zimekaa tu juu ya ukuta hazikufungwa na kitu kwenye lenta. Sasa upepo hapo una kosa gani? Msumari wa kwanza ungegongewa mapema, na vile vichuguu vya udongo vya mchwa vingefutwa na kupigwa dawa, gharama yake ni soda za kikao kimoja cha kamati.

Kwaiyo wewe kila mwaka kabla ya mvua, mtafute fundi mmoja mzoefu apande juu siku moja tu, agongee misumari iliyotoka, abadilishe iliyolika kutu, na akague kama kenchi zimefungwa kwa waya mnene au bamba la chuma mpaka kwenye lenta. Akishuka aanze na chini, pale maji yanapochimba kando ya msingi. Kama mifereji ya bati imekushinda bei, tengeneza mkanda wa zege kuzunguka jengo, upana kama mita moja, ukiinama kidogo kwenda nje, maji yaondoke. Wazazi wanaweza kuchangia mawe na mchanga, hilo mara nyingi hawagomi.

Na nunua daftari. Moja tu, kaunta buku. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi viranja wa madarasa waje kukusomea kasoro za darasa lao, maana hamna anayelijua darasa kama kiranja, anajua dawati gani lina msumari na soketi gani inapiga shoti. Unaandika tarehe, kasoro, nani kapewa, lini imeisha. Ile safu ya mwisho ndio itakusumbua usingizi lakini ndio yenye faida, siku mkaguzi akija au mfadhili akija humwelezi kwa mdomo, unamfungulia. Umeme usijaribu na fundi wa mtaani hata kama ni shemeji yako, tafuta mwenye leseni ya EWURA, ile mamlaka ya nishati na maji.

*Fundi mimi ni matroni, bweni la wasichana 80, mlango mmoja tunafunga kwa kufuli usiku kwa nje na madirisha yana nondo, wezi wametusumbua sana na vijana wa mtaani pia. Mkuu anasema ni kwa usalama wao. Moyo wangu haujatulia. Nifanyeje? (jina usiandike)*

Moyo wako uko sahihi dada, usiutulize.

Bweni la shule ya Shauritanga kule Rombo 1994 waliteketea wasichana wapatao 40. Idodi, Iringa, Agosti 2009, wasichana 12. Kyanguli kule Machakos, Machi 2001, vijana 67, na mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yana nondo. Wakenya baada ya misiba yao wakaandika mwongozo mwaka 2008, mlango wa bweni uwe na upana wa futi 5, ufunguke kwa nje, madirisha yasiwe na nondo, kati ya kitanda na kitanda iwe mita 1.2. Na bado Septemba 2024 Endarasha kule Nyeri wakafa wavulana 21, kwaiyo mwongozo kwenye kabati hauzimi moto.

Watu wanadhani moto unaua kwa kuunguza. Godoro la sponji likishika, moshi wake mweusi unajaza bweni haraka sana na ndio unaowaangusha watoto wakiwa bado wanautafuta mlango. Sasa wewe uko nje gizani, mikono inatetemeka, unatafuta ufunguo kwenye rundo la funguo kumi na mbili... hapana.

Mwizi anazuiwa na uzio, geti, taa ya nje na mlinzi anayelala mchana. Kufuli likae getini. Bwenini weka komeo la ndani ambalo hata wa kidato cha kwanza analifungua gizani bila ufunguo. Tobolewe mlango wa pili upande wa pili wa bweni, ni kazi ya fundi ya siku chache tu, tena juu ya dirisha lenta ishakuwepo kwaiyo dirisha moja linageuka mlango kirahisi. Kama mkuu atakomaa na nondo, basi angalau madirisha kadhaa nondo zake ziwekewe bawaba zifunguke kwa ndani kwa komeo, bila kufuli. Mishumaa marufuku lakini uwape taa ya sola ya kusomea, maana ukikataza mshumaa bila kutoa taa wanasomea chini ya shuka.

Alafu zoezi. Kila muhula mara moja, usiku, bila kutangaza, piga kengele watoke wakusanyike sehemu moja mliyokubaliana, uhesabu majina. Orodha ya waliolala siku hiyo iwe mkononi mwako sio ofisini. Endarasha watu walihangaika siku nzima kujua nani hayupo, kumbe wengine wazazi walishawachukua. Mara ya kwanza watatoka wakicheka na kutafuta kandambili, we acha tu, pima dakika. Namba ya Zimamoto ni 114, iandike ukutani kwa rangi. Na hilo la kufuli liandikie barua kwa mkuu, kwa heshima, ubaki na nakala.

*Huku kwetu Geita wanasema radi za shuleni ni za kutumwa, bodi inataka kuita mtaalamu, yaani mganga. Fundi unasemaje? Mwalimu wa fizikia*

We mwalimu wa fizikia unaniuliza mimi! Januari 2025 Businda, Bukombe, wanafunzi 7 walikufa kwa radi, sio jambo la mzaha. Hela ya mtaalamu nunueni mtego wa radi, ule mti wa chuma juu ya paa, waya mnene ushuke bila kukunjwa kona kali mpaka kwenye vyuma vilivyochimbiwa ardhini. Kila mwaka ukaguliwe na upimwe, kipimo cha ardhi kisizidi omu 10. Waya wa shaba unaibiwa sana, na mtego uliokatwa waya ni hatari kuliko kutokuwa nao. Ngurumo zikianza watoto watoke uwanjani na chini ya miembe waingie darasani, wakae mbali na madirisha, nyaya na bomba, wasitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Na aliyepigwa hana umeme mwilini, mshikeni, kama hapumui mkandamizeni kifua hapo hapo bila kuacha, mwingine akimbilie gari. Watu wanaogopa kumgusa, dakika zinapita bure.

*Mtungi wa kuzimia moto unakaa miaka mingapi? Wa kwetu umetundikwa ofisini tangu nahamia. Katibu wa kamati, Tanga*

Angalia kile kisaa chake, mshale ukiwa kwenye kijani una presha, ukiwa kwenye nyekundu ni pambo. Ufanyiwe sevisi kila mwaka na tarehe ibandikwe. Wa unga mara moja moja uugeuze juu chini, unga usigande. Ila swali langu kwako katibu, hiyo ofisi saa nane usiku ufunguo anao nani, na anaishi wapi?